Mwamba Mama wa Mafuta: Yaliyosomwa Katika Mawe ya Lokichar

Mtu anunuaye chupa ya mafuta ya taa dukani ni nadra kujiuliza yalikotoka. Akiulizwa, hujibu kwamba mafuta huchimbwa chini ya ardhi. Jibu hilo ni la kweli, lakini halitoshi. Maji pia huchimbwa chini ya ardhi, na kila mtu ajua ya kuwa asili yake ni mvua. Je, asili ya mafuta ni nini? Na kwa nini yalipatikana chini ya tambarare za Lokichar, katika nchi ya Turkana, hali visima vilivyochimbwa katika mabonde ya jirani havikutoa kitu cha kuuzwa?

Maswali haya si ya mabingwa peke yao. Kisima kimoja cha kutafuta mafuta hugharimu mamilioni ya dola. Mahali kinapochimbwa, wafugaji hupisha malisho yao, barabara hukatwa, vijana huandikwa kazi kwa miezi michache, na maneno ya utajiri huenea kutoka boma hadi boma. Kisha mtambo hufungwa na kuondoka, na watu hubaki wakiulizana kama walidanganywa. Mara nyingi hawakudanganywa. Jibu lilikuwamo ndani ya mawe, na hakuna mtu aliyewaeleza jinsi mawe yanavyosomwa.

Kwanza yafaa kuondoa kosa moja. Wengi hudhani ya kuwa chini ya ardhi kuna ziwa la mafuta, kama maji yakaavyo ndani ya pango. Sivyo. Mafuta hukaa katika vitundu vidogo vya mawe, hasa mawe yaliyokuwa mchanga zamani, kama maji yanavyokaa katika mchanga wa mto mkavu ambamo wafugaji huchimba ili kunywesha mifugo. Lakini mchanga huo haukuzaa mafuta. Ni ghala tu, na mafuta yaliyomo ni mgeni aliyetoka mahali pengine. Mwamba uliomzaa mgeni huyo ndio uitwao mwamba mama.

Mpishi wa pwani ataelewa upesi. Nazi hukunwa, machicha hukamuliwa katika kifumbu, na tui hukusanyika ndani ya bakuli. Aionaye bakuli peke yake hawezi kudai kuwa bakuli ndiyo iliyotoa tui. Mwamba mama ni nazi. Jiwe la mchanga ni bakuli. Na juu yake pawe na mwamba mwingine mzito usiopitisha kitu, uwe kama kawa, ili mafuta yasipande yakapotea hewani. Bakuli nzuri na kawa nzuri, bila nazi, ni vyombo vitupu. Kwa sababu hiyo, mtu mwenye busara hutafuta habari za nazi kabla hajatumia mali yake kutafuta bakuli.

Sasa, huo mwamba mama hutokana na nini? Hutokana na tope. Zamani sana, katika maziwa na bahari, viliishi vimea vidogo visivyoonekana kwa macho, jamaa ya ule ukijani unaoelea juu ya maji ya bwawa. Vimea hivyo vilipokufa vilizama. Kwa kawaida kitu kilichozama huliwa na vijidudu au huoza kwa nguvu ya hewa iliyomo ndani ya maji, na mwisho hakuna kinachobaki. Lakini liko ziwa ambalo maji yake ya chini hayapati hewa. Humo vimea hushuka gizani, hutulia juu ya tope, na tope jingine huvifunika kabla havijaoza. Hivyo hujengeka tabaka baada ya tabaka, miaka elfu kwa maelfu, mpaka tope huwa jiwe jeusi lipasukalo kwa kurasa kama kitabu.

Mfano wa ziwa la namna hiyo upo mpaka leo. Ziwa Tanganyika lina kina cha mita 1,470 hivi pale palipo kirefu kuliko kote, na wavuvi wake huvua samaki katika maji ya juu tu, maana chini zaidi hakuna hewa na samaki hawezi kuishi. Tope la chini huko hutunza mabaki vizuri. Ziwa Turkana la leo lina tabia nyingine. Upepo mkali wa nchi ile huyakoroga maji yake mpaka chini, hewa hufika kila mahali, na mabaki ya vimea huoza. Tope lake lina mabaki machache. Basi maziwa mawili yaliyo katika Bonde la Ufa lile lile yaweza kuacha urithi usiofanana, na hili ni neno la kukumbukwa na kila asemaye kwamba mafuta yakipatikana katika bonde moja hayana budi kupatikana katika bonde la pili.

Mabaki yakiisha kutunzwa, bado si mafuta. Hayana budi kupikwa. Kadiri tope linavyolemewa na mashapo mapya ndivyo linavyoshuka, na kadiri linavyoshuka ndivyo linavyopata moto, kwa sababu joto la ardhi huongezeka kwa kawaida digrii 25 hadi 30 za Sentigredi katika kila kilometa moja ya kwenda chini. Katika Bonde la Ufa, ambako ardhi imevutwa ikawa nyembamba, huongezeka kwa haraka zaidi. Mwamba ukifikia joto la digrii 60 hivi, mafuta huanza kutoka. Yakizidi 120 hivi, mafuta hupungua na gesi huongezeka. Ukiendelea kushuka, hubaki gesi tupu, na mwamba huwa machicha.

Wachoma makaa wanajua jambo hili kwa mikono yao. Kuni zikifunikwa kwa udongo, zikapata moto bila hewa, hutoa moshi mzito na utomvu kabla ya kuwa makaa. Tanuri likipata moto mdogo, kuni hubaki kuni. Likipata moto mwingi, hutoka majivu. Tofauti ni kwamba tanuri la mchoma makaa huchukua siku chache, na tanuri la ardhi huchukua mamilioni ya miaka.

Basi mambo ya kuuliza ni haya: mabaki yaliyomo ndani ya mwamba ni mengi kiasi gani? Ni mabaki ya namna gani? Na yamepikwa kadiri gani? Kazi yote ya kupima miamba mama kwa elimu ya kemia ni kujibu maneno hayo.

Katika Kenya kazi ya kutafuta mafuta ilianza mwaka wa 1954, na kisima cha kwanza, kiitwacho Walu, kilichimbwa mwaka wa 1960 upande wa pwani. Hakikupata mafuta ya kuuzwa. Vikafuata vingine, navyo vikawa vivyo hivyo. Upande wa Turkana ulikuwa mbali na barabara ni mbaya, kwa hiyo ulipata zamu yake baadaye. Katika miaka ya 1980 kampuni ya Amoco ilipitisha huko mitambo ya kusikiliza ardhi: ardhi hutikiswa, na mwangwi unaorudi kutoka tabaka za chini huandikwa. Mwangwi huo ulionyesha ya kuwa chini ya Lokichar kuna bakuli kubwa la mashapo lenye kina cha kilometa kadhaa. Upande wa magharibi bakuli hilo limekatwa wima na ufa mkuu, na huko ndiko liliko refu zaidi. Upande wa mashariki linapanda polepole.

Mwangwi huonyesha umbo la bakuli, lakini hauwezi kusema kama ndani yake kuna nazi. Kwa hilo hapana budi kuchimba. Mwaka wa 1992 kampuni ya Shell ilichimba visima viwili katika nchi hiyo. Kimoja kilikuwa Eliye Springs, karibu na ukingo wa Ziwa Turkana, nacho hakikupata mafuta. Cha pili kilikuwa Loperot, upande wa mashariki wa bakuli la Lokichar, kikashuka karibu mita 3,000. Katika kisima cha Loperot walipata mafuta, lakini lita chache tu, mazito, yenye nta. Lita chache hazilipi hata gharama ya kuchukua mtambo kutoka Mombasa. Kisima kikazibwa, kampuni ikaenda zake, na katika masikio ya watu wengi habari ikawa kwamba Turkana hakuna mafuta.

Lakini vipande vya mawe vilivyotoka Loperot vilikuwa vimekwisha kuwekwa ndani ya mifuko. Kisima kinapochimbwa, tope maalumu hupitishwa ndani ya bomba ili kupoza keekee, nalo hupanda juu likibeba vipande vidogo vya mwamba uliokatwa. Kila mita chache, mtu mwenye kazi hiyo hukusanya kiganja cha vipande, huviosha, huvikausha, na kuandika kina vilikotoka. Kazi hiyo huonekana ya kitoto. Kwa kweli ni kazi ya uaminifu mkubwa, maana kosa dogo huharibu hesabu yote. Ikiwa wachimbaji walitia dizeli ndani ya tope ili keekee lizunguke vizuri, vipande hunukia mafuta ambayo hayakutoka ardhini. Ikiwa ukuta wa kisima ulibomoka juu, vipande vya mita 800 huchanganyika na vya mita 1,500, na msomaji husoma kitabu kilichochanganywa kurasa. Ndiyo sababu bingwa wa kweli, apokeapo mfuko, huuliza kwanza habari za tope kabla ya kuuliza habari za jiwe.

Kuna watu ambao huokota jiwe jeusi juu ya kilima na kulipeleka mjini wakiamini wamepata alama ya mafuta. Hawafai kuchekwa, maana jiwe jeusi la kurasa ndilo sura ya mwamba mama hasa. Lakini jiwe lililopigwa na jua na mvua kwa miaka mingi hupoteza mabaki yake, kama ubuyu uliokaa wazi upotezavyo ladha, na kipimo chake hudanganya kwa kupunguza. Wengine huona utando wenye rangi za upinde wa mvua juu ya maji ya kidimbwi. Hapo jaribio ni rahisi, halihitaji fedha: utando uguswe kwa kijiti. Ukivunjika vipande kama kigae, ni kazi ya vijidudu na kutu ya chuma. Ukifunguka kisha ukarudi kuungana, hayo ni mafuta.

Kipimo cha kwanza katika maabara ni wingi wa mabaki. Jiwe husagwa unga, chokaa yake huondolewa kwa asidi, kisha hesabu hufanywa ya kaboni iliyotokana na viumbe. Mwamba wenye chini ya nusu sehemu katika mia huwekwa kando. Ukiwa na sehemu 1 hadi 2 katika mia, ni mwema. Ukipita 4, ni mwema sana. Msikilizaji ataona kwamba hata mwamba mwema una jiwe tupu zaidi ya sehemu 90 katika mia, na asishangae: mlima wa tope wenye sehemu 2 tu za mabaki, ukienea kilometa nyingi, una chakula cha kutosha.

Kipimo cha pili kilibuniwa Ufaransa, katika chuo cha taifa hilo cha mafuta, na habari zake zilichapishwa mwaka wa 1977. Unga wa jiwe, gramu moja ikigawanywa mara kumi, hutiwa ndani ya tanuri dogo lisilo na hewa. Hii ndiyo kazi ya mchoma makaa iliyotiwa ndani ya sanduku. Kwanza tanuri hushikwa katika digrii 300 kwa dakika chache. Mafuta yaliyokwisha kuwako ndani ya jiwe hutoka kama mvuke na kupimwa. Kisha joto hupandishwa, digrii 25 kila dakika, na mabaki ambayo bado hayajawa mafuta hupasuka na kutoa mvuke wa pili. Mvuke wa kwanza husema mwamba umekwisha kuzaa nini. Wa pili husema ungeweza kuzaa nini kama ungeachwa tumboni mwa ardhi muda zaidi.

Mvuke wa pili ukigawanywa kwa kaboni iliyomo, hupatikana tarakimu inayoonyesha namna ya mabaki. Ikipita miligramu 600 kwa kila gramu ya kaboni, mabaki hayo ni vimea vya majini vyenye mafuta mengi. Ikiwa kati ya 50 na 200, ni vijiti na magome ya miti ya nchi kavu. Hayo hutoa gesi hasa, wala si mafuta. Na hapa ndipo wengi hukosea, hata waandishi wa magazeti: husikia kwamba mwamba una kaboni nyingi, wakatangaza utajiri, kumbe kaboni hiyo ni ya miti. Makaa ya mawe yana kaboni kuliko mwamba mama wowote, lakini hakuna ayakamuaye kama nazi.

Lile joto ambalo mvuke wa pili hutoka kwa nguvu nyingi nalo huandikwa. Likiwa chini ya digrii 435, mwamba ni mbichi. Kati ya 435 na 470 hivi, umeiva kwa mafuta. Zaidi ya hapo umeungua, umebaki na gesi. Mtu asiyachanganye maneno haya na joto la ardhini lililotajwa kwanza. Maabara hupika kwa dakika kile ambacho ardhi hupika kwa mamilioni ya miaka, na mwenye haraka hana budi kuwasha moto mkubwa.

Kwa kuwa tanuri laweza kukosea, mabingwa hutafuta shahidi mwingine. Ndani ya mashapo huwamo chembe za miti, na chembe hizo hung'aa zaidi kadiri zilivyopikwa. Jiwe husuguliwa likawa laini kama kioo, huwekwa chini ya darubini, na mwanga unaorudishwa na chembe hupimwa. Ukirudi sehemu 0.6 katika mia, mafuta yameanza kutoka, ukifika 1.3, karibu yamekwisha. Shahidi huyu naye ana udhaifu wake. Mwamba uliojaa vimea vya ziwa una chembe chache za miti, na yule akaguaye hukaa siku nzima akizitafuta kama mtu atafutaye sindano kwenye majani makavu. Kwa hiyo hakuna kipimo kimoja kiaminiwacho peke yake. Hupatanishwa vyote, na visipopatana, kazi huanza upya.

Liko pia jambo la kutambua mtoto kwa uso wa mama. Katika miaka ya 1930 mwanakemia Mjerumani, Alfred Treibs, aligundua ndani ya mafuta chembe za kemia zilizotokana na ile rangi ya kijani ya majani. Huo ulikuwa ushahidi mkubwa kwamba mafuta asili yake ni viumbe hai. Tangu wakati huo mabingwa wamejifunza kutambua alama nyingi za namna hiyo. Alama za mafuta yaliyopatikana katika jiwe la mchanga zikilingana na alama za mwamba mama fulani, mzazi amejulikana. Na mzazi akijulikana, watafutaji hufuata njia ambayo mafuta yalipita kutoka kwake.

Vipimo vya mawe ya Loperot vilisemaje? Vilionyesha tabaka za tope la ziwa la kale, lililowekwa katika zama za Oligosini na Miosini, zaidi ya miaka milioni kumi iliyopita, nazo zilikuwa na mabaki mema ya vimea vya majini. Tabaka moja hujulikana kwa jina la Lokhone, kwa ajili ya vilima vya karibu. Hapo zamani, mahali ambapo leo mbuzi hutafuta kivuli cha mgunga, palikuwa na ziwa lenye maji matamu na vilindi visivyo na hewa. Habari hizi ziliandikwa katika majarida ya elimu na watu waliosoma mawe hayo, kati ya mwaka wa 1992 na ugunduzi uliofuata.

Yeye aliyekuwa na picha ya mwangwi mkononi aliweza kuunganisha mambo mawili. Tabaka ile ile iliyopitiwa na kisima cha Loperot inashuka kuelekea magharibi, kwenye ufa mkuu, na huko imezama zaidi, imepata moto zaidi. Ikiwa upande wa mashariki lita chache zimefika, basi jiko liko kwingine, na jiko hilo linawaka au liliwahi kuwaka. Kisima cha Loperot hakikuwa na mafuta ya kuuza, lakini kilikuwa kimethibitisha kwamba nazi ipo na imekamuliwa. Lita zile chache zilikuwa na thamani hiyo.

Miaka ishirini ikapita. Mapema mwaka wa 2012 kampuni ya Tullow, pamoja na mwenzake Africa Oil, ilichimba kisima cha Ngamia karibu na ufa wa magharibi. Tarehe 26 Machi, 2012, ilitangazwa kwamba kisima kilipofika mita 1,041 kilikuwa kimekwisha kupita zaidi ya mita 20 za jiwe lenye mafuta. Kilipoendelea kushuka kilipata zaidi. Vikafuata visima vya Twiga, Ekales, Amosing na vingine, vikipangana kando ya ufa ule ule, na vingi vyake vilipata mafuta, kwa kuwa vilikaa karibu na jiko moja.

Mafuta ya Lokichar yanabeba tabia ya mama yake. Yana salfa kidogo, kama yanavyokuwa mafuta ya maziwa ya maji matamu, na hiyo ni sifa njema sokoni. Lakini yana nta nyingi, hivi kwamba yakiachwa katika baridi ya kawaida huganda kama samli. Ndiyo sababu yalipoanza kupelekwa Mombasa kwa malori, mwaka wa 2018, yalichukuliwa katika matangi maalumu ya kuyatunza yakiwa na moto. Na ndiyo sababu bomba lililofikiriwa kuyapeleka Lamu halikuwa bomba la kawaida, bali bomba la kupashwa moto njia yote. Shehena ya kwanza iliondoka Mombasa kwa meli mwezi wa Agosti, 2019. Gharama ya moto huo iliamuliwa siku vimea vile vilipozama ziwani. Hakuna waziri wala mkurugenzi awezaye kuifuta, ila kuihesabu tu.

Mwaka huo wa 2019 Bunge lilipitisha sheria ya mafuta ambayo huigawia serikali ya kaunti sehemu 20 katika mia za fungu la Serikali, na wenyeji wa mahali sehemu 5. Mwaka wa 2025 Tullow iliuza mali yake ya Kenya kwa kampuni ya Gulf Energy. Watu wa Nakukulas na vijiji vya karibu, ambao malisho yao ndiyo yaliyozungushiwa uzio, wana haki ya kusikia hesabu hizo kwa lugha waielewayo, na pia kuelezwa kwa nini wao wamepata na jirani zao hawakupata.

Maana jirani walijaribiwa. Kisima cha Engomo, kaskazini zaidi katika Turkana, kilichimbwa kikatangazwa mkavu mwezi wa Januari, 2015. Ufa ni ule ule, jua ni lile lile, mgunga ni ule ule. Mtu akitazama juu ya ardhi hawezi kuona tofauti. Kila bakuli la mashapo lilikuwa na ziwa lake, na upepo wake, na moto wake, na kila moja halina budi kupimwa peke yake.

Hali ya Cheptuket, katika bonde la Kerio, ni nyingine tena. Kisima hicho kilichimbwa mwaka wa 2016. Hakikupata mafuta ya kuuzwa, lakini vipande vyake vilionyesha alama nzuri za mafuta katika kina kirefu cha mita mamia kadhaa. Mwenye haraka atasema kimeshindwa kama Engomo. Aliyeifuata habari ya Loperot hatasema hivyo, wala hatasema kinyume chake, bali atauliza mifuko ya vipande ilisomwaje: mabaki ni ya ziwa au ya miti, yameiva au ni mabichi, na ile tabaka inaelekea wapi inaposhuka.